Usimuulize Kama Yuko Poa

Kiswahili kina adabu moja ambayo leo naomba tuiweke kando kidogo. Ukisalimiwa, unajibu vyema. Habari? Nzuri. Mambo? Poa. Hata aliyefiwa usiku wa kuamkia leo atasema nzuri kwanza, ndipo aongeze, "ila tumepata msiba." Adabu hii ina uzuri wake, lakini hutuponza tunapotaka kujua kama kijana wa nyumbani anafikiria kujiua. Unamuuliza, "Uko poa?" Anajibu, "Niko poa." Unaenda kulala ukidhani umejibiwa, kumbe mmesalimiana tu.

Nawaandikia majirani zangu wa Kangemi, kuanzia Gichagi hadi upande wa Mountain View, hasa aliye na kijana wa kati ya miaka 18 na 30 ambaye tangu utotoni ameonekana wa kipekee. Pengine ni yule asiyetazama watu machoni, au yule anayeanza kila kazi na hamalizi hata moja. Pengine ni wewe mwenyewe. Nitaeleza kwa nini vijana hawa wamo hatarini kuliko wenzao, utawaulizaje, utawapeleka wapi na kwa pesa ngapi. Kama jambo ni la usiku huu huu, usisome zaidi kwanza. Piga 1199, simu ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Haikatwi hela.

Tuanze na majina. Usonji ni namna ubongo ulivyoumbika tangu mtu akiwa tumboni mwa mamake. Hauambukizi, hauletwi na chanjo, na hakuna aliyerogwa. Mtu mzima mwenye usonji anaweza kuwa na shahada, kazi, mke na watoto. Ila maneno ya mafumbo humchosha, kelele na mwanga mkali humchoma kama sindano, mabadiliko ya ghafla humvuruga, na jambo akilipenda hulijua hadi mizizi. ADHD, ambayo wengi wetu huitaja kwa herufi hizo hizo za Kiingereza, ni hali nyingine: makini hutawanyika, mwili hautulii, saa humponyoka mtu, na mkono hutenda kabla kichwa hakijamaliza kufikiri. Kuna walio na zote mbili. Wataalamu huwaweka katika kundi moja la watu ambao ubongo wao hufanya kazi kwa mpangilio usio wa wengi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Katika mtaa wenye makumi ya maelfu ya watu kama wetu, hao ni mamia. Wako wapi? Wapo, ila tumewapa majina mengine: mjeuri, mvivu, kichwa ngumu, mwenye maringo, mwenye mapepo.

Na kujiua kunaingiaje hapa? Duniani kote zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwa walio kati ya miaka 15 na 29 hiyo ni sababu ya 3 ya vifo. Kwa wenye usonji mzigo ni mzito zaidi. Mwaka 2014 watafiti nchini Uingereza, wakiwemo Sarah Cassidy na Simon Baron-Cohen, walichapisha matokeo ya kuwahoji watu wazima 374 waliogunduliwa ukubwani kwamba wana aina moja ya usonji. Asilimia 66 walisema wamewahi kufikiria kujiua, ilhali katika umma kwa jumla walikuwa asilimia 17. Miaka miwili baadaye, utafiti wa Uswidi uliofuatilia makumi ya maelfu ya watu ulionyesha kuwa uwezekano wa mwenye usonji kufa kwa kujiua ulizidi mara 7 ule wa watu wengine. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa wale ambao akili yao ya masomo haina kasoro. Yaani wale ambao sisi majirani tungesema, "Huyu hana shida yoyote."

Tafadhali usiogope kupita kiasi. Wenye usonji na ADHD walio wengi huishi maisha yao hadi uzee. Tena, usonji wenyewe hauui. Utafiti mwingine wa Cassidy na wenzake, wa mwaka 2018, uligundua mambo mawili yaliyoambatana sana na mawazo ya kujiua: kukosa msaada mtu anaouhitaji, na kuificha hali yake ili aonekane kama wengine. La kwanza tunalijua. Hili la pili naomba tukae nalo kidogo.

Kuna kijana muuza mitumba pale soko la Kangemi. Suruali zake huzipanga kwa saizi, kisha kwa rangi, kisha kwa kitambaa, na mteja akizivuruga, huzipanga upya kabla hajapokea pesa. Makanga akigonga bati la matatu nyuma yake, mabega humruka hadi masikioni, halafu anatabasamu. Tabasamu hilo amejifunza. Aliniambia hulifanyia mazoezi mbele ya kile kioo cha wateja kujitazamia, kwa sababu watu walimwambia ana sura ya hasira. Jioni akifunga bidhaa, hurudi chumbani, huzima taa na kulala sakafuni saa mbili nzima bila kusema neno. Mamake alidhani ni bangi. Ni uchovu wa kuigiza. Ametumia nguvu zote za siku kujificha, na kesho anaanza upya. Mtu akienda hivyo miaka kumi, huzimika kama simu iliyoisha chaji, na kuzimika huko ndiko mawazo mabaya hupata nafasi.

Kuna jambo jingine wazazi hawalioni. Shule, pamoja na fimbo na dhihaka zake, ilikuwa na kengele. Kengele ilimwambia kijana saa ya kula, ya kusoma na ya kulala. Akishamaliza Kidato cha Nne kengele inanyamaza. Sasa ni kibarua leo, kesho hakuna. Ni mjengo wiki hii, wiki ijayo anauza maji. Kuna kodi ya chumba na simu za watu wasiosema wanachotaka. Kwa mwenye usonji, siku isiyo na mpangilio ni mateso. Kwa mwenye ADHD, kila kazi aliyofutwa kwa kuchelewa ni ushahidi mwingine kichwani kwamba yeye hafai. Ndiyo maana miaka ya baada ya shule ni ya kuangaliwa sana.

Dalili zake ni zipi? Usisubiri machozi. Mwenye usonji anaweza kukuambia, "Sioni haja ya kuendelea kuwepo," kwa sauti ile ile anayotumia kukuambia unga umeisha. Kwa kuwa uso haujabadilika, watu hudhani anatania. Mwamini neno kwa neno. Tazama pia mabadiliko: jambo alilolipenda kuliko yote, liwe mpira, redio au ramani za matatu, ameliacha ghafla. Halali, au analala mchana kutwa. Anajigonga au kujiumiza kuliko zamani. Ananyamaza kabisa. Anagawa vitu vyake. Kwa mwenye ADHD, ongeza ulevi wa ghafla, hasira inayowaka na kuzimika, na kukata tamaa saa hiyo hiyo baada ya ugomvi au kuachwa na mpenzi. Kwake, kutoka kwenye wazo hadi kwenye tendo inaweza kuwa safari ya dakika chache. Hilo likumbuke, nitalirudia.

Sasa kuuliza. Wengi huogopa kwamba ukilitaja neno utampandikizia wazo. Tafiti za miaka mingi hazikuonyesha hivyo. Mara nyingi mtu huhisi ametuliwa mzigo. Basi chagua mahali pasipo kelele, si kibandani wala mbele ya wageni. Mwenye usonji huongea vizuri zaidi mkitembea bega kwa bega au mkifanya kazi pamoja, mnachambua sukuma au mnafua, kuliko mkitazamana. Halafu uliza kwa maneno yasiyo na kona: "Je, umekuwa ukifikiria kujiua?" Si "unafikiria mambo mabaya?" wala "hutafanya ujinga, sivyo?" Neno ujinga lina hukumu ndani yake, na mambo mabaya yanaweza kuwa chochote.

Kisha nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi 30 ikibidi. Kuna watu ambao ubongo wao huchukua muda kulipata jibu, na wengi wenye usonji hawajui kuipa hisia jina. Ukimuuliza "unahisi nini?" hana jibu, si kwamba anaficha. Mpe njia nyingine. Mwambie aandike kwenye simu na akutumie hata kama mmekaa chumba kimoja. Au muulize kwa namba: "Kutoka 0 hadi 10, mawazo ya kujiua yana nguvu kiasi gani leo? Jana yalikuwa ngapi?" Namba huwasaidia sana. Akikubali kwamba anayo mawazo hayo, uliza mawili zaidi: amepanga namna ya kufanya, na amepanga lini? Mwenye mpango na wakati, huyo ni wa dharura. Usimhubirie kwanza, na usimwambie wengine wana shida kuliko yeye. Sema, "Asante kwa kuniambia, mwanangu. Nimekusikia. Siendi popote."

Ikiwa ni dharura, usimwache peke yake, hata kwenda dukani. Ondoa vitu anavyoweza kujidhuru navyo, hasa dawa zilizobaki na sumu za nyumbani. Najua wengi wetu tunaishi chumba kimoja na hakuna kabati la kufunga. Basi vipeleke kwa jirani unayemwamini usiku huo huo. Hapa ndipo zile dakika chache nilizozitaja zina maana: wazo kali huja kama wimbi na hupungua, na kila hatua unayoiweka kati yake na kile kitu inampa muda wa kulishinda. Zima redio, punguza taa, waombe watu wapungue chumbani. Maombi ya sauti kubwa na majirani kumi mlangoni yanaweza kumzidishia mtu ambaye kelele humuumiza. Wamwombee kutoka nje.

Simu za kupiga ni hizi: 1199 ya Msalaba Mwekundu, bila malipo; 0800 723 253 ya Wakfu wa Tiba ya Dharura Kenya, nayo bila malipo; na 0722 178 177 ya Befrienders Kenya, ambao kazi yao ni kusikiliza watu waliofikia ukingoni. Kwa aliye chini ya miaka 18 piga 116, bila malipo. Kijana akishindwa kuongea na simu, na wengi wenye usonji hushindwa, piga wewe na umweleze anayepokea kwamba mhusika yuko kando yako lakini haongei vizuri kwa simu. Ikiwa tayari amejidhuru, usipige simu za ushauri, kimbia hospitali. Kenyatta pale Upper Hill hupokea dharura usiku na mchana, na Katiba, kifungu cha 43, inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Usikubali kurudishwa langoni kwa sababu ya pesa.

"Lakini si watamfunga?" Swali hili limewafanya watu wengi wawafungie wagonjwa ndani. Zamani lilikuwa na msingi: kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, na mtu angeweza kufungwa hadi miaka 2. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu jijini Nairobi aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kesi ilikuwa imepelekwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili pamoja na mwanaharakati Charity Muturi. Kwa hiyo mpeleke, na mweleze mhudumu ukweli wote wa kilichotokea. Ukisema "ameanguka tu," atatibiwa kuanguka.

Kama si dharura, anza karibu. Kituo cha Afya cha Kangemi ni cha kaunti. Usitarajie kumkuta daktari bingwa wa akili hapo; kazi ya tabibu wa kituo ni kusikiliza, kupima hatari na kukuandikia barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa. Aliyejiandikisha na SHA, mamlaka iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hutibiwa bure katika vituo vya ngazi hiyo. Kujiandikisha ni bure pia: piga *147# ukiwa na kitambulisho. Huduma za hospitali kubwa, hasa kulazwa, zinahitaji uwe umelipa mchango, ambao kwa asiye na mshahara ni angalau shilingi 300 kwa mwezi, na hutakiwa wa mwaka mzima. Lipa kabla ya kuugua. Washauri wa kibinafsi mjini hutoza maelfu ya shilingi kwa kikao kimoja, kwa hiyo uliza bei kwa simu kwanza, na uulize pia kama mshauri huyo amewahi kuhudumia watu wazima wenye usonji au ADHD.

Foleni yenyewe ni mtihani. Kijana anaweza kuvumilia saa moja ya watoto wanaolia na majina yanayoitwa kwa sauti, kisha akaondoka kabla hajaonwa. Nendeni mapema, mchukue kofia na kitu cha kuziba masikio, na mwombe sista akubali msubiri nje awapungie mkono zamu ikifika. Andikeni usiku uliotangulia maneno ya kumpa tabibu, kwenye karatasi, kwa sababu akifika mbele ya meza atasema yuko poa. Yawe mafupi: "Daktari, nimekuwa na mawazo ya kujiua tangu wiki mbili zilizopita. Silali. Kelele hunifanya nishindwe kuongea. Naomba maswali mafupi, moja moja." Karatasi hiyo ndiyo itakayozungumza.

Rufaa ya Nairobi mara nyingi ni Kenyatta au Mathari. Mathari iko Thika Road, karibu na Muthaiga. Kutoka Kangemi utashuka mjini upande matatu za Thika Road. Jina hilo tumeligeuza matusi ya utotoni, na inaniuma, kwa maana hospitali hiyo imetibu watu tangu 1910 na wengi wanaoingia hurudi nyumbani siku hiyo hiyo wakiwa na dawa na tarehe ya kurudi. Hapo ndipo mnaweza kuomba pia uchunguzi wa usonji au ADHD kwa mtu mzima. Usitegemee dodoso la mtandaoni pekee, ingawa linaweza kuwa mwanzo wa mazungumzo. Mzazi aende na kumbukumbu: alianza kuongea lini, alichezaje, walimu waliandika nini kwenye ripoti. Dawa za ADHD huandikwa na daktari wa akili. Muguka na miraa si mbadala wake, hata kama kijana anaapa kwamba zinamtuliza.

Uchunguzi ukithibitisha usonji, liko Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na makao yake yako Waiyaki Way mkabala na ABC Place, njia ile ile ya matatu zetu za kwenda mjini. Usajili huhitaji kwanza kutathminiwa na madaktari wa hospitali ya serikali. Hufungua milango kadhaa, ikiwemo ile sehemu ya asilimia 30 ya zabuni za serikali iliyotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kuna wasiotaka neno ulemavu. Ni haki yao, na matibabu hayategemei usajili huo.

Mkirudi nyumbani, tengenezeni mpango wa usalama, yaani karatasi moja inayosema afanye nini wimbi likianza. Mpango huu ulibuniwa na Wamarekani Barbara Stanley na Gregory Brown, na baadaye vyuo vikuu vya Newcastle na Nottingham vikaurekebisha pamoja na watu wenye usonji wenyewe. Muhimu ni kwamba auandike yeye, kwa maneno yake, na kila kitu kiwe bayana. Kijana asiandike "nitajituliza." Aandike: "Nikianza kuhesabu matofali ya ukuta na kushindwa kuacha, nitatoka nje. Nitatembea hadi uwanja wa kanisa la St. Joseph, nikae chini ya mti, nisikilize rekodi ile ya treni. Ikiwa baada ya dakika 20 namba bado ni zaidi ya 6, nitamtumia dada neno NYEKUNDU." Dada naye awe amekubali mapema kwamba akiliona neno hilo, hatauliza kulikoni, atakuja. Chini kabisa ziandikwe zile namba za simu. Karatasi ikunjwe, iwekwe nyuma ya kava la simu, na nakala abaki nayo dada.

Kama wewe unayesoma ndiye kijana huyo, nakwambia moja kwa moja: hujaharibika. Umekuwa ukibeba mzigo ambao wengi hawauoni, na umechoka. Chagua mtu mmoja, si lazima awe mzazi, umtumie ujumbe huu jinsi ulivyo: "Nina mawazo ya kujiua. Sitaki ushauri sasa. Naomba uje ukae nami." Asipojibu, mtumie wa pili, au piga 1199.

Na wewe jirani, kazi haijaisha siku ya kliniki. Wiki za kwanza baada ya kutoka hospitali ni za hatari. Usimwandikie "mambo?" Mtumie ujumbe saa ile ile kila jioni, tuseme saa moja, ili aweze kuutarajia. Uliza, "Leo ni ngapi?" Akijibu 3, mwambie asante, na mwulize suruali zimeuzwa ngapi. Akijibu 8, vaa viatu.